Kodi na Kodi

Kiswahili, pamoja na utajiri wake, hapa kilibana matumizi:
kodi ni ile anayoifuata Mzee Fidahusein ghorofani
kila miezi sita, akipumzika kwenye kila ngazi,
na kodi ni ile ninayoipeleka mimi serikalini
kabla ya tarehe saba, mvua inyeshe, umeme ukatike.
Neno moja, midomo miwili.
Nami mhasibu wa wakfu mdogo, Mtaa wa Sikukuu,
juu ya duka la vitenge,
sahani ninayo moja.

Leo Alhamisi ya mwisho ya Novemba.
Tumefunga madirisha, kelele za Kariakoo zisiingie,
tumeyafungua tena, feni imesusa.
Mezani chai ya tangawizi, kashata,
makisio ya mwaka ujao, nakala saba kwa wajumbe watano.
Bi Asteria anasoma mafungu.
Kule chini fungu ni nyanya nne ndogo
na moja kubwa juu, ya kudanganya jicho.
Huku juu pia.

Fungu la kwanza: vifaa vya usikivu, watoto mia moja na arobaini.
Hilo lina mwenyewe. Mfadhili keshaomba picha.
Fungu la saba: betri.
Kimya.
Betri yenyewe ukubwa wa punje ya dengu,
hufa siku ya kumi, na mtoto hurudi alikokuwa.
Betri elfu tano na arobaini kwa mwaka.
Nani atapigwa picha na dengu?

Dokta Lwitiko, mwenyekiti, anavua miwani:
“Mbonea, sisi si tunatoa sadaka? Kodi ya nini?”
Swali hili huja kila mwaka, kama mafua ya Julai.
Mwenyekiti, nasema, msamaha hauotwi usoni.
Huombwa kwa barua, kwa mihuri, kwa kurudi kesho,
na hata ukija, mishahara yetu ina kodi yake,
na pango lina zuio: kumi katika mia
tunaikata kwenye kodi ya Mzee Fidahusein
tukalipie kodi.
“Mnanikata kodi kwenye kodi?” aliniuliza mwaka jana,
akaketi ngazini, akacheka hadi akakohoa.
Kisha akapandisha kodi.

Marehemu Bi Mwanakheri, aliyeuanzisha wakfu kwa faida ya khanga,
hakujua makisio.
Alikuwa na daftari la shule, jedwali la kuzidisha nyuma,
na humo kila senti ina jina la mtu.
Mimi nina majedwali kumi na manne
na sijui majina.

Tumekata semina ya Bagamoyo.
Tumekata fulana, mabango, keki ya maadhimisho.
Vocha yangu ya simu nimeikata mwenyewe
kabla hawajanitazama.
Bado pengo la miezi miwili.
Kwa mujibu wa jedwali, Novemba na Desemba
watoto hawatasikia.
Hakuna aliyelisema hivyo. Nimeandika kwa penseli, pembeni.

Jina moja nalijua.
Machi nilikwenda na Kuruthumu, miaka tisa,
kununua betri Mtaa wa Narung'ombe,
kifaa kina saa moja sikioni.
Muuzaji akainama: “Bila risiti nakupunguzia, bosi.”
Na risiti, nikasema.
Akanuna, akabonyeza mashine. Krrrr.
Kuruthumu akageuka, shingo nzima,
akaniuliza kwa vidole: nini kile kinachochana?
Nikamwonyesha karatasi.
Akazungusha kidole hewani: tena.
Muuzaji hakuelewa. Nikanunua pakiti nyingine,
kwa hela yangu, ilie tena.

Risiti ya kwanza iko faili la nne.
Wino wake umeanza kufifia, hauvumilii joto la mji huu.
Nimeitoa nakala, kwa ajili ya mkaguzi,
ingawa mkaguzi hataisikia.

Saa kumi na mbili kasoro. Kashata zimekwisha.
“Tufunge?” anauliza Bi Asteria, kofia ya kalamu mdomoni.
Bado.
Tusomee fungu la saba. Kwa sauti.